Kabla Hatujamzika Mzee Ishaq

Tanga, 9 Juni 2025

Mdogo wangu Muna,

Assalaam alaykum. Nakuandikia barua na kukutumia picha yake, kwa sababu kuongea kwa simu kumetushinda. Jana tulipigiana kelele mpaka wateja wangu wakatoka dukani, na sikumbuki hata jambo moja tulilokubaliana.

Nimesikia Baba ametoka hospitali. Alhamdulillahi. Lakini mtu wa umri wake akishalazwa kwa ugonjwa wa moyo, tena sikukuu ya Idi nzima, wenye akili hukaa wakapanga. Mimi nimepanga. Nilimpitia Ami Mwadini, tukaenda wote makaburini, tukaiomba ile nafasi iliyo kando ya Mama. Wamekubali. Kwa hiyo Mungu akipitisha amri yake, Baba analetwa Tanga anazikwa pembeni ya mkewe. Hilo halina mjadala. Mimi ndiye mkubwa, na ukoo mzima uko nyuma yangu.

Kazi yako wewe ni moja tu: ulizia huko taratibu za kusafirisha maiti, tujue mapema. Nakuomba pia usinijibu kwa hasira kama kawaida yako.

Kaka yako,
Sabri

—

Macquarie Fields, Sydney, 12 Juni 2025

Kaka Sabri,

Waalaykum salaam. Uliomba nisikujibu kwa hasira, kwa hiyo nikasubiri ipungue. Haikupungua.

Maiti unayoizungumzia iko jikoni sasa hivi. Imevaa sweta mbili na koti langu, inamgombeza Clarisse kwamba chai haina sukari. Clarisse ni jirani yetu, mama wa Kikongo anayekaa na Baba mimi nikiwa kazini. Mtu mzima, mzima kabisa, anapiga meza kwa kijiko, na wewe umeshakwenda kumpimia ardhi.

Hata hivyo nimeulizia, kwa aibu kubwa. Niliowauliza wameniambia mwili hausafiri hivi hivi. Unatolewa damu, unajazwa dawa kwenye mishipa usiharibike, halafu unafungwa kwenye sanduku lenye bati ndani, linazibwa hata hewa isipite. Sasa nisikilize vizuri. Baba alipokuwa amelazwa alinishika mkono akaniambia, "Muna, nikifa nisitiwe madawa. Nioshwe, nivishwe sanda, nizikwe siku ile ile." Hayo ni maneno yake, sikuyaongeza mimi. Hapa Sydney kuna makaburi ya Waislamu, kuna waoshaji, kuna watu wa kumswalia. Atazikwa siku ile ile. Na mimi nakwambia hilo halina mjadala.

Tena umenikamata wakati mbaya. Kuna maonyesho makubwa kazini kwangu, hapo makumbusho, yanafunguliwa Agosti, na nimekabidhiwa jeneza la Misri ya kale ambalo rangi yake inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nashinda nimeliinamia na brashi nyembamba kama sindano. Nikirudi, safari ya treni ni saa nzima, na nikifika napika uji. Sina nguvu ya kugombana na ukoo mzima.

Muna

—

Tanga, 16 Juni 2025

Muna,

Nimeisoma barua yako, mke wangu naye akaisoma, tukatazamana.

Wewe wa kunifundisha mimi dini? Wewe unayeamka asubuhi kwenda kuwapangusa vumbi watu wa Firauni? Hao walipasuliwa, wakatolewa matumbo, wakajazwa magadi, na mshahara wako unatoka hapo. Hukuona haramu. Lakini Baba akitiwa dawa ya siku mbili tatu ili afike kwao, hapo ndipo unakumbuka sanda na siku ile ile.

Nakwambia ninavyoona mimi. Umemzoea Baba kuwa wako peke yako. Umekaa naye miaka yote hiyo, sasa unataka na kaburi lake liwe lako, uwe unakwenda Ijumaa kulimwagia maji huku sisi tukitumiwa picha. Baba ni mtu wa Ngamiani. Chumba chake hapa kipo vilevile, kitanda kipo, bakora yake imening'inia ukutani pale pale alipoiacha. Kila kitu kinamsubiri. Huko ana nini? Jirani mmoja wa Kikongo.

Nimemweleza Ami Mwadini yote. Amesikitika sana.

Sabri

—

Macquarie Fields, 29 Juni 2025

Kaka Sabri,

Ahsante kwa kumweleza Ami Mwadini. Ami Mwadini amesikitika, halafu akampigia simu Baba, akamweleza Baba. Nilirudi kazini nikamkuta mzee amekaa kwenye kochi, taa hajawasha. Akaniuliza, "Nasikia mimi nina makaburi mawili. Nichague lipi?" Nikawasha taa.

Na mara ya mwisho nakwambia: siwapangusi maiti. Maiti wa jeneza hili hawekwi hadharani siku hizi, amehifadhiwa kwenye chumba chake na wala simwoni. Mimi nashika mbao, rangi na kitambaa. Lakini hata Baba inaelekea hakuniamini, maana siku ya pili alisema, "Nipeleke nikaone hicho kinachokuweka huko mpaka jua linazama."

Jumatano nikampeleka. Clarisse alimfunga skafu shingoni kama mtoto wa chekechea, na njia nzima alilalamika kwamba treni ina baridi, kwamba vijana wanaweka miguu kwenye viti, kwamba ngazi za stesheni zimejengwa na mtu asiye na wazazi. Tulipofika nikampa kiti mbele ya meza yangu. Akalitazama jeneza, na kwa mara ya kwanza wiki ile akanyamaza.

Ni jeneza zuri, Kaka. Ni mbao za mkuyu, zimepakwa chokaa kwanza ndipo zikachorwa. Lina uso wa mwanamke, macho meusi yamefunguka kabisa. Kifuani ana mkufu wa maua, chini yake mungu wao wa kike ametandaza mabawa mawili kutoka ubavu hadi ubavu. Kuanzia hapo mpaka miguuni ni maandishi na picha: mashua, mizani, watu wanaoleta mikate na bukini. Pembeni ya meza nilikuwa nimeitandaza na shuka yake ya kitani, ile aliyofunikwa juu ya vitambaa vyake. Nayo imechorwa, ingawa rangi imefifia.

Baba akauliza, "Huyu anaitwa nani?"

Nikamwambia hatujui. Nikamwonyesha mstari wa katikati. Maandishi yanashuka vizuri, yanamwombea maji, yanamwombea hewa, halafu yanafika mahali pa jina na hapana kitu, chokaa tupu. Majeneza mengine yalitengenezwa yakiwa tayari kwa kuuzwa, na mnunuzi akija ndipo jina linaandikwa. Hili halikuandikwa.

"Walisahau?"

"Labda walikuwa na haraka, Baba. Labda mwandishi hakuwepo. Hatujui."

"Mabawa walikumbuka," akasema. "Bata walikumbuka."

"Bukini, Baba."

"Hata kama."

Akaniuliza tena kama mwanamke huyu alilichagua jeneza mwenyewe alipokuwa hai, au walimchagulia watu. Nikamjibu kwamba wenye uwezo walijitengenezea mapema, wakaliona, wakaridhika nalo. Ila huyu sijui. Akatikisa kichwa, akaomba chai. Njiani kurudi hakulalamika hata kidogo. Nilidhani amechoka, au baridi imemwingia kifuani, nikakasirika na nafsi yangu kwa kumtoa nje.

Tangu siku ile amekuwa mpole. Anakula, anameza dawa bila kubishana. Nadhani ameshakubaliana na moyo wake kwamba atabaki hapa. Kwa hiyo nakuomba, mwache apumzike, na umwambie Ami Mwadini asipige tena simu.

Muna

—

Macquarie Fields, Jumapili, 6 Julai 2025
(Clarisse ameipiga picha barua hii na kuwatumia nyote wawili kwa wakati mmoja, asije mtu akasema hakupata.)

Kwa wanangu Sabri na Muna,

Assalaam alaykum.

Nilikaa kwenye kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi. Nilisikiliza mashauri ya mipaka, ya mbuzi, ya talaka na ya matusi. Sikuwahi kusikiliza shauri la mirathi ya maiti ambapo marehemu mwenyewe yuko chumba cha pili anakunywa chai.

Nimesikiliza pande zote mbili. Ushahidi wenu nimeupima, na wote mmenichosha.

Muna. Wewe ni mwanangu mwema na umenitunza, hilo Mungu analijua. Lakini Ramadhani nilikuomba unirudishe Tanga. Ukasema tusubiri Idi. Idi ikapita, ukasema tusubiri maonyesho yako. Juzi nikakuuliza tena, ukasema baridi iishe kwanza. Hujamwambia kaka yako hata neno moja katika hayo. Ulimwambia kwamba nimesema nizikwe siku ile ile, na kweli nilisema. Sikusema wapi. Palipobaki wazi umepajaza wewe.

Sabri. Umeandika kwamba chumba changu kipo vilevile. Nilimwomba ndugu yangu Mwadini aende akaniangalizie bakora yangu. Amekuta matairi ya bodaboda yamepangwa mpaka kwenye dirisha, mikebe ya oili chini, na kitanda changu kimesimamishwa ukutani kama mwizi. Bakora hakuiona. Kaburi umenitafutia, ahsante. Mahali pa kulala hujanitafutia. Ulikuwa unanisubiri nije nimelala tayari.

Wiki hii Clarisse aliniuliza, kwa Kiswahili chao cha Bukavu: "Mzee, unataka kuenda kwenu, ao unataka kuzikwa kwenu?" Nilikaa nikafikiri. Mmeandikiana barua ngapi sijui, na Mwadini ameongea na simu mpaka imemuishia chaji, na swali hilo limeulizwa na jirani.

Basi naamua hivi. Nitakwenda Tanga nimekaa kwenye kiti, nimefunga mkanda, nikila chakula cha ndege na kukilalamikia. Daktari ameniona, Clarisse alinipeleka. Amesema naweza kusafiri nikiwa na mtu wa kunisindikiza. Tiketi nimekata kwa pensheni yangu, ni tarehe 2 Agosti. Atakayenisindikiza ajitokeze. Nikifika nataka kitanda kiwe kimelala chini kwa miguu yake minne.

Siku nitakayokufa nitazikwa pale nitakapofia, bila dawa, bila bati, na asiyekuwepo ataniombea alipo. Asiyeridhika na uamuzi huu anayo haki ya kukata rufaa. Rufaa hiyo nitaisikiliza mimi mwenyewe.

Baba yenu,
Ishaq

—

Tanga, 8 Julai 2025

Muna,

Umeiona? Bila shaka umeiona. Mzuie.

Mtu ana moyo wa namna hiyo atapandaje ndege saa zote hizo? Akianguka angani? Akifika hapa daktari wake ni nani? Anakula nini? Nimeuliza mke wangu, amesema watoto wenyewe wanalala watatu chumba kimoja na stoo sina pengine. Sikusema hatakiwi. Sema tungepanga vizuri, labda mwakani, nijenge chumba cha uani. Wewe unakaa naye, una ushawishi. Ongea naye.

Na ile habari ya chumba, nilikuwa na nia ya kukisafisha.

Sabri

—

Macquarie Fields, 10 Julai 2025

Kaka,

Mwezi mzima unaniambia Baba ni mtu wa Ngamiani. Anakuja Ngamiani. Sasa unalia nini?

Nimejaribu kuongea naye, kama unataka kujua. Nilianza na habari ya baridi ya kwenye ndege, nikaenda kwenye miguu kuvimba, nikamalizia kwa kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rufaa imetupwa," akarudi kwenye taarifa ya habari.

Ni kweli sikukwambia kwamba aliomba kurudi. Kila aliposema nilijua nikikuandikia wewe utasema mlete, na nikimleta nitafungua mlango wa nyumba hii jioni nisikute mtu. Basi. Nimesema, usinirudishe hapo tena.

Nitamsindikiza mimi. Leo nilikwenda kwa bosi wangu kuomba likizo. Ameuliza kama najua maonyesho yanafunguliwa tarehe 9 Agosti. Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyeshika brashi tangu Februari. Akasema shuka ya kitani haijamalizwa na atalazimika kumpa mtu mwingine, na jina litakalokwenda kwenye kibao cha maonyesho ni la huyo mwingine. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sauti ndogo sana, Kaka, kwa sababu ile shuka nilikuwa nimeishona uzi kwa uzi. Lakini nimesema.

Toa matairi.

Muna

—

Macquarie Fields, 24 Agosti 2025

Kaka Sabri,

Nimefika salama kutoka Tanga tangu Alhamisi. Nimeingia nyumbani, nimekuta Clarisse amenipikia sombe, kisamvu cha kwao, amenifagilia, na amekiacha kikombe cha Baba pale pale mezani kwa sababu hakujua kama akiondoe. Na mimi sikujua.

Nilikwenda kuyaona maonyesho kama mtu wa kawaida, nikapanga foleni. Jeneza wameliweka vizuri, taa ni ndogo, watu wanalizunguka wakinong'ona. Shuka imemalizwa vizuri tu, sina la kulalamika, na hilo nalo limenikera. Bosi wangu bado ananisalimia kwa kichwa.

Hujaniandikia tangu niondoke. Baba naye hashiki simu, au akishika anasema "niko sawa" anakata. Niambie ukweli. Analala? Anakula? Vile vidonge vyeupe anavimeza au anavitia mfukoni mwa kanzu?

Muna

—

Tanga, 14 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Sikuandika kwa sababu sina nafasi ya kukaa chini. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Usishtuke, ameshapona, tunasubiri tu dawa zake.

Nikwambie ilivyokuwa. Tangu ulipoondoka mimi na Baba ni kugombana kutwa. Uji ni mwepesi. Televisheni ina kelele. Adhana ya msikiti wetu imeingia dakika moja kabla ya msikiti wa pili, kwa nini. Wateja wangu anawasomea sheria, mmoja alikuja kununua kioo cha pikipiki akaondoka na nasaha ya talaka. Anataka kutembezwa asubuhi mpaka barabara ya kumi na mbili, na nikitembea haraka ananiuliza ninamkimbia nani. Mke wangu ananiangalia tu. Watoto ndio wanaompenda, maana anawapa hukumu wakigombana na wote wanashinda.

Jumanne alikataa kula. Jumatano nikaona miguu imevimba, anapumua kwa shida, na hataki kuniambia kitu. Nikamuuliza, "Baba, unaumwa?" Akasema, "Wewe fanya kazi yako." Muna, sikujua la kufanya. Sikujua nimlaze au nimkalishe. Sikujua vidonge vipi ni vya asubuhi na vipi ni vya jioni. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji, na uzito wake ni mdogo, nilidhani nimebeba nguo. Alinishika shati hapa begani mpaka tulipofika.

Daktari aliniuliza maswali kuhusu baba yangu, na kila swali nilijibu sijui. Anakunywa maji kiasi gani? Sijui. Usiku anaamka? Sijui. Dawa hii alianza lini? Nikasema ngoja nimuulize dada yangu. Yule daktari akaandika kitu, sikutaka kuona ni nini.

Kaburi lake nilijua nitalichimba upande gani. Nilijua ubani nitaununua kwa nani, nani ataswalisha, wali utapikwa na kina nani. Yote nilikuwa nayo kichwani. Kumuuguza sikujua hata pa kuanzia. Nilikuwa nakusikia ukisema umechoka, nikidhani unajisifu.

Anakusalimu. Amesema nikwambie dawa zenu za huko zilikuwa tamu, hizi chungu. Ni dawa zile zile.

Niandikie kila kitu. Anza na asubuhi.

Sabri

—

Macquarie Fields, 15 Septemba 2025

Kaka yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye treni, nikapitiliza kituo.

Asubuhi, kabla hajanena chochote, muinue kwa mito miwili, si mmoja. Ukimlaza flati hapumui, na hatakwambia. Miguu itazame kila siku. Bonyeza juu ya kisigino kwa kidole, shimo likibaki usisubiri kesho, nenda kwa daktari. Chumvi mfiche, yaani mfiche kweli, maana anajua kuitafuta. Vidonge vyeupe ni asubuhi, vya manjano ni usiku, na simama hapo hapo mpaka ameze kisha mwambie aongee. Akiongea vizuri amemeza. Akijibu kwa kichwa viko chini ya ulimi.

Akisema hana njaa, usimbembeleze. Kaa ule mbele yake chakula kibaya. Hawezi kuvumilia kuona kitu kimepikwa vibaya bila kuonja ili akikosoe.

Akinyamaza siku nzima usidhani amekuwa mpole. Mimi nilidhani hivyo. Muulize anataka nini, halafu subiri, hata kama jibu linachelewa.

Na dawa zote mpe kwa chai, si kwa maji. Atakuapia kwamba mimi nilikuwa nampa kwa maji na asali. Usimwamini, mzee huyu ni mwongo mkubwa. Mpe chai, na usimwambie kwamba nimeuliza kama ananikumbuka.

Mdogo wako,
Muna